Piano nambari 483: Fundi aliyeanzia jikoni, na deni la pembe zetu

MTOTO yeyote aliyelelewa Muhuru Bay anaujua mshipi wa nailoni kabla hajaijua herufi A. Ndio unaomtoa mbuta majini, ndio unaoshona nyavu zilizochanika, na nyuma ya nyumba ndio kamba ya kuanikia nguo. Ila kuna kazi moja ya mshipi huo ambayo vijana wengi hawaifikirii: ndio unaoimba kwenye nyatiti.

Zamani, nyuzi nane za nyatiti zilitengenezwa kwa kano za ng'ombe. Nailoni ilipofika kwenye maduka ya wavuvi, mafundi waliupima uzi huo kwa masikio yao, wakaona unafaa, wakauchukua. Hawakungoja mtu awaletee nyuzi maalum kutoka ng'ambo. Ziwa liliwapa samaki, na duka la mvuvi likawapa muziki.

Kuna seremala mmoja Mjerumani ambaye angewaelewa vizuri sana mafundi hao. Aliitwa Heinrich Engelhard Steinweg. Huenda wewe unamjua kwa jina alilolichukua uzeeni: Steinway. Siku ukiangalia tamasha kubwa la piano kwenye YouTube, tazama ubavuni mwa ile piano ndefu nyeusi. Mara nyingi utalikuta jina hilo limeandikwa kwa rangi ya dhahabu.

Kisa cha mzee huyu kina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa fundi wa mji mdogo aliyeanza karibu bila chochote na kuanza tena akiwa na umri ambao wengi wetu tungesema "sasa nimezeeka, wacha vijana wafanye." Upande wa pili hautajwi sana kwenye matangazo, na unatuhusu moja kwa moja: vibonyezo vyeupe vya piano za enzi zake vilivishwa pembe za ndovu, na pembe nyingi zilitoka huku kwetu.

Tuanze na fundi.

SEREMALA WA SEESEN

Steinweg alizaliwa Februari 1797 katika kijiji cha Wolfshagen, kwenye milima ya Harz, kaskazini mwa Ujerumani. Ujerumani yenyewe haikuwa nchi moja wakati huo. Ilikuwa vipande vya falme ndogo ndogo, na vita vya Napoleon vilikuwa vinapita juu yao kama kimbunga. Kijana Heinrich aliingia jeshini, akatoka salama, akarudi uraiani akiwa na mikono yake tu.

Alijifunza useremala, akajifunza pia kazi ya kutengeneza vinanda vikubwa vya kanisani. Akahamia mji mdogo wa Seesen, na mwaka wa 1825 akamwoa Juliane Thiemer. Watoto wakaja, mmoja baada ya mwingine. Riziki ikawa ni kabati, meza na kiti cha huyu, kinanda kilichoharibika cha kanisa lile. Kwa lugha ya mtaani, alikuwa mtu wa jua kali.

Lakini usiku, baada ya kazi za watu, alikuwa na kazi yake. Mwaka wa 1836 alimaliza kuunda piano kubwa ya kulala, ile yenye umbo la bawa. Inasimuliwa kwamba aliiunda nyumbani, jikoni, na hadi leo watu huiita "piano ya jikoni". Alikuwa na miaka 39.

Hebu fikiria jikoni hiyo. Watoto wadogo wanataka kula, mama anataka meko yake, na katikati ya chumba kuna mbao, gundi, nyundo na nyuzi za chuma. Hakuna mkopo wa hazina ya vijana, hakuna karakana ya kisasa. Piano hiyo haijapotea. Imehifadhiwa Marekani, na ukiitazama huwezi kujua kwamba aliyeiunda alikuwa anasukumana na sufuria.

Miaka mitatu baadaye, 1839, alipeleka piano zake kwenye maonyesho ya biashara ya Braunschweig, akarudi na nishani ya dhahabu. Kuanzia hapo jina lake likaanza kutembea. Kwa jumla, katika miaka yake ya Seesen, aliunda piano 482. Iweke akilini namba hiyo.

KUANZA UPYA NA MIAKA 53

Mambo hayakuwa mazuri kwa muda mrefu. Biashara kati ya zile falme ndogo ilikuwa na kodi kila mpaka, na mwaka wa 1848 mapinduzi yalizuka sehemu nyingi za Ulaya. Carl, mmoja wa wanawe, aliondoka mwaka wa 1849 kwenda New York kuona hali. Taarifa alizotuma nyumbani zilikuwa za kutia moyo.

Mwaka uliofuata, 1850, familia ilipanda meli ya mvuke Helena Sloman kutoka Hamburg. Mtoto wa kwanza, Theodor, alibaki kulinda karakana. Wavuvi wa Muhuru Bay wanaojua maana ya kuingia kwenye chombo ukimtaja Mungu wataielewa safari hiyo: miezi michache tu baada ya kuwafikisha akina Steinweg, meli ile ile ilizama baharini.

Sasa hapa ndipo kisa kinapokuwa kitamu. Mzee mwenye umri wa miaka 53, mwenye nishani ya dhahabu na piano 482 nyuma yake, anashuka New York. Unafikiri alifungua kampuni wiki iliyofuata? Wapi! Yeye na wanawe walikwenda kuajiriwa kwenye karakana za watu wengine. Mzee akawa kibarua wa kutengeneza vibao vya sauti, kwa mshahara wa kila wiki, chini ya mabosi wengine.

Kwa nini akakubali? Kwa sababu New York haikuwa Seesen. Mbao zilikuwa tofauti. Hewa ilikuwa tofauti: majira ya joto yenye unyevu, kisha baridi kali na nyumba zenye moto wa ndani unaokausha mbao hadi zinapasuka. Wateja walikuwa na mapenzi yao, na lugha yenyewe ilikuwa ngeni. Kila mmoja aliingia karakana yake, na jioni walirudi nyumbani na walichokiona. Kwa miaka mitatu familia nzima ililipwa mshahara ili isome soko.

Wengi wetu leo tukimaliza kozi ya miezi sita tunaona aibu kubeba mfuko wa vifaa vya fundi mwingine. Mzee huyu hakuona aibu, na alikuwa amepita miaka 50.

NAMBARI 483

Tarehe 5 Machi 1853, familia ilifungua kampuni yake kwenye chumba cha juu cha jengo lililokuwa Varick Street, Manhattan. Waliiita Steinway & Sons, yaani Steinway na Wanawe. Jina la Kijerumani lilikuwa linawatatiza wateja, hivyo wakalipa sauti ya Kiingereza. Kisheria walilibadilisha jina la ukoo baadaye, mwaka wa 1864.

Piano ya kwanza waliyoiuza wakiwa kampuni ilinunuliwa na familia moja ya New York kwa dola 500. Haikupewa nambari 1. Ilipewa nambari 483.

Tafakari kidogo hapo. Nchi ilikuwa mpya na jina lilikuwa jipya, lakini mzee hakukubali kuanza kuhesabu upya. Zile 482 za Seesen zilikuwa zake. Kila kosa alilofanya kwenye piano ya kumi na kila ujanja aliougundua kwenye ya mia mbili vilikuwa ndani ya hiyo ya 483. Hadi leo kila Steinway inayotoka kiwandani ina nambari yake, na hesabu ni ile ile iliyoanzia Ujerumani. Imeshapita 600,000.

Familia yote ilikuwa kazini. Inasimuliwa kwamba binti yao Doretta, mteja akisita kununua kwa sababu hajui kupiga, alikuwa anamwambia: nunua, mimi nitakufundisha bure. Bei ikawa imefungwa. Wanaouza nguo Instagram siku hizi wataijua mbinu hiyo.

NDANI YA PIANO KUNA NINI?

Ni rahisi kusema "alitengeneza piano nzuri." Nzuri kivipi?

Piano ni mashine ya kupiga nyuzi kwa nyundo. Ukibonyeza kibonyezo, mtambo wa vijiti hurusha nyundo ndogo iliyovikwa sufu ngumu. Nyundo inagusa uzi na kurudi mara moja, ili isiuzuie kutetemeka. Mtetemo wa uzi pekee ni mdogo mno. Ndipo unapohitajika ubao wa sauti, ubao mpana mwembamba ulio chini ya nyuzi, ambao hutetemeka pamoja nazo na kuisukuma sauti chumbani. Ngozi ya ng'ombe kwenye nyatiti inafanya kazi hiyo hiyo. Sayansi ni moja.

Tatizo ni nguvu. Piano kubwa ina nyuzi zaidi ya 200, na zote zikikazwa, mvuto wake kwa pamoja hufika karibu tani 20. Mbao peke yake hupinda. Ndiyo maana piano za karne ya 19 zilianza kuwekewa fremu ya chuma.

Mwaka wa 1859, mwanawe Henry mdogo alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kwa mpangilio mpya wa nyuzi kwenye piano kubwa. Badala ya kulaza nyuzi zote sambamba, zile nene za sauti ya chini zilipitishwa juu ya nyembamba, zikakatiza kama watu wawili wanaopishana kwenye kijia. Faida ni mbili: nyuzi nene zinapata urefu zaidi ndani ya sanduku lile lile, na zinapita katikati ya ubao wa sauti, pale unapotetemeka vizuri. Sauti ikawa nzito na pana, inayojaza ukumbi wenye watu elfu mbili bila kipaza sauti. Leo karibu kila kampuni ya piano duniani hufuata mpangilio huo.

Mwaka wa 1865 ulikuwa mchungu. Ndani ya mwezi mmoja, Machi, mzee alizika wanawe wawili: Henry mdogo, yule mvumbuzi, na Charles, ambaye ndiye yule Carl aliyetangulia kwenda Marekani. Theodor akauza karakana ya Ujerumani na kuja New York kushika nafasi ya wadogo zake. Alikuwa mtu wa fizikia, akafuatilia sayansi ya sauti ya msomi Hermann von Helmholtz na kuirudisha kiwandani.

Mwaka wa 1866 walifungua ukumbi wa muziki, Steinway Hall, na mwaka wa 1867 wakashinda nishani ya dhahabu kwenye maonyesho makubwa ya Paris. Mzee Steinweg alifariki Februari 1871, muda mfupi kabla ya kutimiza miaka 74. Mwaka wa 1880 wanawe walirudi Ujerumani kwa mlango mwingine: walifungua kiwanda Hamburg, bandari ile ile ambayo familia iliondokea ikiwa na masanduku tu.

WEUPE ULE ULITOKA WAPI?

Sasa turudi upande wetu.

Wajerumani hawakuwa wageni kwenye ufuo huu wa ziwa. Mwaka wa 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana eneo hili kwa mstari unaotoka pwani hadi ziwani, na mstari huo uliligusa ziwa kusini kidogo mwa Muhuru. Ndiyo sababu leo ukienda kwa shangazi yako Shirati unavuka mpaka wa Tanzania, ingawa lugha ya nyumbani ni ile ile. Shirati ikawa kituo cha Wajerumani, na Septemba 1914 majeshi yao yalivuka hadi Karungu na Kisii kupigana na Waingereza.

Steinweg hakuwahi kukanyaga huku. Lakini kabla hata mpaka haujachorwa, kitu cha huku kilikuwa kimeshafika mezani kwa waunda piano.

Piano ya kisasa ina vibonyezo 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Katika karne ya 19, vile vyeupe vilikuwa mbao zilizobandikwa vipande vyembamba vya pembe ya ndovu. Wapigaji waliipenda kwa sababu haitelezi kidole kikiwa na jasho na haishiki baridi kama chuma. Pembe ya Afrika Mashariki, ambayo wafanyabiashara waliiita laini, ilipendwa zaidi kwa sababu ilikatika bila kupasuka.

Soko lake kubwa lilikuwa Unguja. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said mwaka wa 1833. Meli za Marekani zilileta kitambaa cha pamba, na mpaka leo Kiswahili kinakiita merikani au amerikani. Zikarudi na pembe. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg nayo ilifungua duka Unguja mwishoni mwa miaka ya 1840.

Pembe zilifikaje pwani? Mabegani mwa watu. Misafara ilikwenda bara hadi Tabora na Ujiji na kuvuka hadi Kongo. Upande wetu, wafanyabiashara kutoka pwani walifika mpaka Mumias. Mpagazi mmoja alibeba karibu frasila mbili, kama kilo 32, kwa miguu, kwa miezi. Wengi walikuwa wapagazi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi. Wengine walikuwa watumwa. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kama Tippu Tip, alijipatia utajiri mkubwa kwenye biashara hiyo na baadaye akaandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Mzigo aliosafirisha ulikuwa na damu ya ndovu na ya watu.

Kutoka Unguja, pembe nyingi zilizoelekea Marekani zilifikia vijiji viwili vya jimbo la Connecticut. Kimoja ni Deep River, kilichokuwa na kampuni ya Pratt, Read. Cha pili kilikuwa na kampuni ya Comstock, Cheney na kikabadilishwa jina kabisa: Ivoryton, yaani mji wa pembe. Huko pembe zilikatwa kwa misumeno vipande vyembamba sana, kisha zikalazwa kwa wiki nyingi kwenye nyumba za vioo ili jua lizifanye nyeupe. Ukipata piano ya zamani, tazama kibonyezo cheupe kwa karibu. Utaona kistari chembamba kinachokata katikati. Hapo ndipo vipande viwili vya pembe vilipounganishwa, kichwa na mkia.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Marekani ilikuwa inaunda zaidi ya piano 300,000 kwa mwaka. Piano haikuwa sababu pekee ya kuwindwa ndovu. Pembe zilitengeneza pia mipira ya biliadi, vitana na mipini ya visu. Lakini ilikuwa mlaji mkubwa. Katikati ya karne hiyo viwanda vilihamia plastiki, Steinway wakiwemo.

Ndovu hawakupona hapo. Kenya ilikuwa na ndovu wapatao 167,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kufikia 1989 walikuwa wamebaki kama 16,000. Mwaka huo Rais Moi alichoma tani 12 za pembe mbele ya dunia. Aprili 2016 Rais Kenyatta akachoma tani 105 kwenye Mbuga ya Nairobi.

NANI ALIBAKI NA NINI?

Hesabu yenyewe haihitaji kalkuleta. Mwindaji alipata kidogo, na mpagazi akapata kitambaa au shanga. Mfanyabiashara wa Unguja alipata faida nzuri. Connecticut ilipata ajira na mji mzima. New York na Hamburg zikapata jina ambalo linauza mpaka leo. Tulichouza sisi kilikuwa mali ghafi, na waliobaki na ujuzi ndio waliokula kwa vizazi.

Ukidhani hayo ni ya zamani, nenda kwenye mwalo wowote wa mbuta. Kile kibofu cha ndani cha samaki, mabondo, kinakusanywa, kinakaushwa na kusafirishwa hadi Uchina na Hong Kong, ambako kinauzwa kwa bei ambayo mvuvi akiisikia anaomba maji ya kunywa. Minofu nayo inapanda ndege. Sisi tunabaki na mifupa, ile tunayoiita mgongo wazi, na tunakaanga.

Kuna njia nyingine, na haiko mbali. Mpingo, mti mweusi mgumu wa kusini mwa Tanzania na Msumbiji, ndio unaotengeneza klarineti na zumari nyingi za okestra za Ulaya. Wilayani Kilwa, kuanzia 2009, misitu ya vijiji ilianza kupata cheti cha kimataifa cha uvunaji unaofuata kanuni. Wanakijiji ndio wanaoamua mti upi ukatwe, na pesa zinaingia kijijini. Klarineti bado inaundwa Ulaya, lakini angalau mwenye mti anakaa mezani wakati wa kupanga bei.

NYATITI NA MRITHI WAKE

Tukirudi Muhuru Bay, chombo chetu hakikuhitaji pembe ya mtu. Bakuli la mti uliochongwa, ngozi ya ng'ombe, fito za fremu, nailoni ya mvuvi. Jathum, yaani mpigaji, anakaa kwenye kigoda kifupi. Kwenye kidole gumba cha mguu anavaa pete ya chuma iitwayo oduong'o, anagonga nayo fremu. Kwenye kifundo anafunga gara, njuga zake. Mtu mmoja anageuka bendi nzima: anapiga nyuzi, ngoma na njuga, na bado anaimba.

Chombo hicho kimeshatembea. Ayub Ogada, aliyefariki 2019, alikipeleka kwenye majukwaa ya dunia, na wimbo wake "Kothbiro" ukasikika kwenye filamu ya The Constant Gardener ya mwaka wa 2005. Kwa mila, nyatiti ilikuwa ya wanaume. Kisha akaja mwanamke kutoka Japani, akakaa kijijini Siaya, akajifunza mpaka akapewa jina la Anyango, na leo anaipiga nchi nyingi. Kama mgeni kutoka Tokyo aliweza kukaa chini ya mwalimu wa kijijini, msichana wa Nyatike anazuiwa na nani?

Swali zito linahusu wanaounda. Wapigaji tunawaona kwenye tamasha za shule na kwenye simu. Fundi anayejua mti upi usipasuke ukikauka, ngozi ivutwe kiasi gani na uzi upi ukae wapi, huyo mara nyingi ni mzee, na ujuzi wake haumo kwenye kitabu chochote. Steinweg alikuwa na wana waliosimama naye karakanani. Wawili walipofariki, wa tatu alikuja na sayansi. Bila wao jina lingezikwa naye mwaka wa 1871. Mafundi wetu wengi hawana wa kusimama nao, kwa sababu sisi tumeambiwa kazi ya mikono ni ya walioanguka mtihani.

Na kazi ipo. Shule zinatafuta ala za asili kila msimu wa tamasha la muziki. Watalii wananunua. Wanamuziki wa Nairobi wanataka nyatiti ya umeme, yenye kipokea sauti ndani. Hapo pana uvumbuzi unaomngoja kijana aliyesoma vifaa vya umeme kwenye chuo cha ufundi na aliye tayari kukaa na mzee miezi michache. Ukivumbua kitu kipya kweli, ofisi ya kusajili hataza ipo Nairobi, inaitwa KIPI. Henry mdogo alifanya hivyo akiwa na miaka 29.

Kwa hivyo likizo hii ukiwa nyumbani, uliza. Nani hapa kijijini anatengeneza nyatiti? Nani anatengeneza orutu? Nenda umwamkie, keti, shika msasa. Usione haya kuanzia chini. Mwenye piano 482 alianzia chini mara mbili.

Na ukimaliza chombo chako cha kwanza, hata kama sauti yake ni ya paka aliyekanyagwa mkia, chukua kalamu uandike ndani ya bakuli, mahali ambapo ngozi itafunika: nambari 1. Kisha anza ya pili.